Miguu ya Fundi wa Bwate

Mwaka huu, katika hospitali moja ya Ibanda, daktari alimwambia Fundi afumbe macho, kisha akaanza kumgusa nyayo kwa uzi mgumu unaofanana na ule wa nyavu. Kila akiguswa, alipaswa kusema "nasikia". Fundi alisema "nasikia" mara nyingi. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba magotini, aliona kwamba mara mbili mumewe alilitamka neno hilo wakati mkono wa daktari ulikuwa bado hewani.

Kwa mzee mwingine mwenye ugonjwa wa sukari, hiyo ingekuwa habari ya kawaida. Kwa huyu si ya kawaida, kwa sababu miguu ndiyo chombo chake cha kazi. Hapa Bukavu, gari otomatiki likianza kugonga linapobadilisha vitesi, yaani gia, watu humtafuta yeye, fundi wa bwate, ile giaboksi. Huvua viatu na soksi, huketi kiti cha nyuma, huinua zulia, huweka nyayo tupu kwenye bati la sakafu na kumwambia mtu mwingine aendeshe. Wakirudi gereji, anasema ugonjwa uko wapi. Nimemwona akifanya hivyo kwa miaka kumi na miwili, na mara alizokosea naweza kuzitaja zote.

Siku chache baada ya hospitali aliniita gereji kwake. Alinionyesha tairi kuukuu nikae, naye akaketi juu ya lingine.

"Siku miguu itaanza kunidanganya," akasema, "we njo utaniambia."

Nilimuuliza kwa nini anichague mimi, na wapo watu anaofanya nao kazi kila siku.

"Bale bananipenda. We unaandikaga ile uliona."

Mimi ni mtu wa redio. Kazi yangu ni kwenda mahali, kuuliza, kurudi na kusema kilichokuwapo. Nilifikiria kwanza kile alichokuwa ananiomba: nimtazame mtu ninayemheshimu, ningoje ashindwe, kisha nimwambie. Halafu nikasema sawa.

Nilifika kwake mara ya kwanza na gari langu la kwanza, dogo, lenye usukani upande wa kulia kama mengi yanayotujia kutoka ng'ambo. Gereji yake iko chini ya barabara upande wa Ibanda, kwenye kiwanja kilichochimbwa ubavuni mwa mlima, kimeezekwa mabati nusu, nusu kiko wazi. Niliteremka nikiwa nimekata tamaa.

"Papa, bwate imekufa."

Alikuwa anafuta mikono. Hakuinua kichwa.

"Ulifika hapa na nini?"

"Na gari."

"Basi haijakufa. Maiti haipandaki hii mulima. Anza upya. Ilifanya nini?"

"Inasumbua."

"Bibi naye anasumbuaga. Ilifanya nini?"

Ilinichukua dakika nzima kujua kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi na tatizo hilo wiki mbili, nikalilaani, nikalihadithia kazini, na sikuwa nimelitazama. Alinirudisha barabarani. Aliniambia niende hadi kona ya tatu, nirudi, na nisiwaze chochote, nihesabu tu: mara ngapi, wakati gani, kabla au baada ya kukanyaga freni. Nimewahi kuhudhuria mafunzo ya uandishi wa habari yenye vyeti na chakula cha mchana. Hakuna lililonifaa kuliko lile la kona ya tatu.

Kwake, bwate inaweza kufanya makosa matatu, na hapendi yachanganywe. Ya kwanza ni kugonga: kitesi kinaingia kwa kishindo, kichwa cha abiria kinarudi nyuma. Ya pili ni kupatina: moteri inapiga kelele na gari haliongezi mwendo, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Ya tatu ni kuchelewa: unaweka kwenye De, herufi ya kwenda mbele, gari linatulia kana kwamba linafikiria, kisha linaruka. "Iko bagonjwa batatu," anasema, "na batu banabaweka bote ku kitanda kimoja banasema inasumbua."

Baada ya hapo yanafuata maswali yake, na hayajawahi kubadilika. Baridi ao moto? Kupanda ao kushuka? Ilianza nyuma ya nini? Na la mwisho, ambalo watu hulikwepa kuliko yote: nani aliigusa mbele yangu, yaani kabla haijaletwa kwake? Nimewaona wanaume wazima wenye suti wakitazama viatu vyao kwenye swali hilo. Kuna mwanasheria aliyekana kabisa kwamba kuna mtu aliyefungua bwate yake, na Fundi akamwonyesha boliti mbili mpya katikati ya boliti kumi za kutu.

"Avoka," akamwambia, "hizi zilizaliwa zenyewe?"

Mwanasheria akacheka, akalitaja jina la shemeji yake.

Kuna jambo jingine ambalo ni la mji wetu, na sidhani kama vitabu vya mafundi vinalitaja. Mafuta ya bwate hayapimwi kama ya moteri. Ya moteri unayapima gari likiwa limezimwa. Ya bwate, kwa magari mengi aliyoyashika, unayapima moteri ikinguruma na ikiwa moto, baada ya kupitisha mkono wa bwate kwenye kila herufi na kuurudisha kwenye Pe, ya kuegesha, na gari likiwa limesimama mahali tambarare. Hilo la mwisho ndilo linalotushinda. Bukavu nzima ni mteremko. Nyumba zetu zina ghorofa upande mmoja na mlango wa ardhini upande mwingine. Tunaegesha magari yakiwa yameinama, tunayafungulia boneti yakiwa yameinama, na kwa kuwa nasi tumezaliwa tumeinama, hatuoni.

Kwa hiyo katikati ya gereji yake kuna sehemu aliyoisawazisha kwa mikono, kwa saruji, yenye urefu wa gari moja. Kabla ya kupima mafuta huweka chini sahani ya bati yenye maji, mbele na nyuma, na kutazama kama maji yanafika ukingoni sawasawa. Wageni hudhani ni uchawi. Siku moja mfanyabiashara wa Bagira alileta gari lililokuwa linagonga vibaya kila kitesi. Alisimama akitazama sahani.

"Papa, sasa hii ni dawa ao ni mekaniki?"

"Ni maji. We ulipimiaga mafuta fasi gani?"

"Kwangu, mu parsele."

"Parsele yako iko namna gani?"

Yule bwana aliuinamisha mkono wake kuonyesha kiwanja chake kilivyo. Ulikuwa mteremko wa kumfanya mbuzi afikirie mara mbili. Kila Jumamosi alikuwa anapima hapo, kijiti kinamwonyesha mafuta ni machache, anaongeza. Alikuwa ameongeza mara tatu. Bwate ilijaa kupita kiasi, mafuta yakapigwa hadi yakawa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma kitesi kiingie taratibu. Fundi aliyafyonza yaliyozidi kwa mpira mwembamba, akajaza chupa moja na nusu, akampa yule bwana aishike.

"Uliizamisha," akamwambia. "Ilikuwa inapiga miguu juu inatafuta pumzi."

"Sasa nifanye nini, nihame Bukavu?"

"Hapana. Hamisha gari. Metre makumi mbili, mbele ya kanisa kuko sawa."

Mafuta yenyewe huyadondosha kwenye karatasi nyeupe, huyatazama yanavyotanda, kisha huyanusa. Mafuta mazima ni mekundu na hayana harufu ya kusumbua. Yakiwa kahawia na kunuka kama maharagwe yaliyoungua, kuna kitu ndani kinasuguana. Yakiwa kama maziwa ya chai, maji ya radiyeta yameingia. Lakini hawaamini wauzaji wa mafuta yaliyofunguliwa, wanaopima kwa chupa kando ya barabara. "Nyekundu si ushahidi," anasema. "Ata sharubati ya grenadine iko nyekundu."

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaomsifu husifu miguu tu. Miguu huja mwishoni. Kabla ya kuvua viatu huwa ameshauliza, amepima, amenusa na, zaidi ya yote, ameitazama moteri. Imani yake kubwa ni kwamba bwate husingiziwa. Moteri inayonguruma juu mno ikiwa imesimama, waya wa gesi, ule wa kikanyagio cha mwendo, uliolegea, mpira unaoshika moteri uliokatika, vyote hivyo hugonga, na lawama huenda kwa bwate kwa sababu bwate ni ghali na haionekani.

Mkubwa wa ofisi moja alikuja na dereva na barua. Barua ilitoka gereji nyingine, imepigwa muhuri, inasema bwate ing'olewe na nyingine iagizwe. Fundi aliisoma yote, akaikunja, akairudisha. Akamwambia dereva akanyage freni kwa nguvu, aweke De, kisha Er ya kurudi nyuma, kisha De. Akafungua boneti na kumwita mkubwa asogee. Kila herufi ilipobadilika, moteri nzima iliruka na kurudi.

"Mukubwa, ile yenye kugonga si bwate. Moteri yako inaruka kama mbuzi yenye ilikata kamba."

Kipande cha mpira, kikubwa kama kiganja, kilikuwa kimechanika. Mkubwa alitazama mpira, akatazama barua.

"Na hii barua?"

"Iko na français ya muzuri."

Akikosea, hukosea kwa sauti. Kosa lake kubwa analihadithia yeye mwenyewe kwa kila mteja mpya, kabla mtu mwingine hajamwambia. Aliwahi kufungua bwate ya mwalimu mmoja hadi kipande cha mwisho, akaitandaza kwenye magunia, siku tatu, na hakukuta ugonjwa. Ulikuwa ni ule waya wa gesi. Alikuwa hajautazama kwa sababu siku hiyo alikuwa amekasirika na alitaka kufungua kitu. "Nilipasua muntu mwenye alikuwa na mafua," anasema. Wateja hucheka, kisha huona kwamba yeye hacheki.

Ndiyo maana sikuelewa, na bado sielewi vizuri, jinsi mtu huyu alivyoweza kuuficha ugonjwa wake miaka miwili. Anayekataa kusikia neno "inasumbua" kutoka kwa mteja, yeye mwenyewe akiulizwa na mkewe kwa nini anachoka alijibu: "Ni malariya kidogo." Kwa kipimo chake mwenyewe, hilo si jibu. Baridi ao moto? Ilianza nyuma ya nini? Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na cha tano akiwa na wageni. Sasa anakunywa chai isiyo na sukari na kuitangaza kwa kila anayepita, lakini mkewe hukuta makapi ya miwa mifukoni mwa ovaroli.

Halafu kuna suala la viatu. Daktari alimpa amri mbili: asitembee miguu tupu hata ndani ya nyumba, na kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, maana mguu usiosikia unaweza kukanyaga msumari na kuubeba wiki nzima. Mkewe alimnunulia viatu vipana vyeusi, vizito, ambavyo yeye anaviita sanduku. Anavivaa akitoka kwake Kadutu asubuhi, kwa miguu, kwa sababu hana gari na hakuwahi kutaka. Akifika gereji anavivua.

Hapendi magari otomatiki, na hili nalo huwashangaza watu. Anasema mtu wa milima anahitaji kuchagua kitesi chake mwenyewe. "Mungu alitupatia milima, beye ba ng'ambo bakatutumia otomatike." Anayahurumia lakini, kama mtu anavyomhurumia mgeni aliyetumwa mahali asipopajua.

Kuendesha anajua. Wakati wa majaribio, haendeshi. Anasema anayeshika usukani husikia barabara, na aliyekaa nyuma ndiye anayesikia bwate. Nimetaja neno kusikia mara nyingi, na lazima nilieleze jinsi anavyolitumia. Kiswahili kinatupa neno hilo moja kwa sikio, kwa ngozi, kwa pua, na Fundi halitenganishi. "Sikia harufu." "Sikia namna inaingia." Mwanzoni nilikuwa namuuliza: umesikia kwa nini, kwa masikio au kwa miguu? Aliliona swali la kitoto. "Nimesikia," alikuwa anajibu, "unataka nikugawie vipande?"

Kuna ishara moja ambayo hajui kama anayo. Bwate ikigonga, kidole gumba cha mguu wake wa kulia hunyanyuka kidogo kutoka kwenye bati, kisha hurudi. Niliiona mwaka wa kwanza. Wakati mwingine kidole kilinyanyuka na mimi sikuwa nimehisi chochote, na tuliporudi alikuwa na jibu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikivua viatu na kukaa kando yake, nikijaribu kuhisi kile kidole kilichohisi. Polepole nilianza kufaulu.

Anayeendesha ni fundi wa umeme wa gereji hiyo, mwanamke wa makamo, mwenye sauti kubwa na valizi. Valizi ndiyo jina la kile chombo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma makosa ambayo gari limeyaandika lenyewe. Wote humwita Maman Valizi. Watu hudhani wawili hao ni mahasimu, mambo ya zamani dhidi ya mambo mapya. Hawana uhasimu. Hakuna gari linalotoka bila wote wawili kukubaliana, na hutaniana kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga.

"Papa, ile miguu yako iko na diplome?"

"Iko na mbili. Kushoto na kuume."

"Valizi yangu inasema ni umeme."

"Valizi inasoma barua. Uliza kama mwenye kuiandika hakuwa mulevi."

Tangu hospitali, amepunguza utani wa miguu. Sikumwambia kwamba nimeliona hilo.

Sasa nifike kwenye asubuhi ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa msimu wa mvua, mwezi mmoja baada ya lile ombi la kwenye matairi. Ndani ya gereji kulikuwa na jeep ya mkunga mmoja anayekaa Bagira na kufanya kazi katika kituo kidogo cha afya kule juu ya Katana, mahali ambapo njia inaacha ziwa na kuanza kupanda. Kituo hakina gari. Uzazi ukienda vibaya, mwanamke anateremshwa kwenye jeep ya mkunga hadi hospitali, na jeep hiyo ilikuwa imeanza kugonga. Gereji nyingine ilikuwa imemwambia aing'oe bwate, angoje nyingine itoke ng'ambo. Hakuwa na wiki za kungoja.

Siku alipoileta, Fundi alimpitisha kwenye maswali yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona mteja aliyeyajibu yote bila kusita. Ikiwa moto. Kwenye mpando, inaposhuka kutoka kitesi cha tatu kwenda cha pili. Ilianza baada ya mvua kubwa. Hakuna aliyeigusa.

"Na bagonjwa banasema nini?" Fundi akamuuliza.

"Ule muke wa juzi aliniambia: maman, mutoto anataka kutoka, na gari yako inamusukuma."

Alicheka, kisha akasema kwa sauti nyingine kwamba mwanamke huyo walifika naye salama, lakini ile kona ya mwisho aliipanda akiwa anasali.

Fundi alimwaga mafuta, akafungua karai la chini ya bwate. Alikuta unga mweusi laini, na hakuna vipande vya chuma. Hiyo ilikuwa habari njema: bwate ilikuwa chafu, haikuwa inajila. Akaweka chujio jipya na mafuta mapya, akapima juu ya saruji yake, sahani mbele, sahani nyuma. Siku ya nne ikawa ya majaribio. Mkunga alikuja asubuhi na begi lake. Mwenzake alikuwa amebaki peke yake kituoni na alitaka kufika kabla ya saa sita mchana. Kilichobaki ni Fundi aseme aende, au asiende.

Maman Valizi alishika usukani. Fundi akavua sanduku zake, nami nikavua viatu vyangu, tukakaa nyuma. Tulipanda kuelekea Bagira. Kitesi cha kwanza kwenda cha pili, sawa. Cha pili kwenda cha tatu, sawa, laini kama kijiko ndani ya uji. Tulizunguka hadi moteri ikapata moto, tukageuza, tukaanza kupanda tena. Mbele yetu kulikuwa na kamyo iliyobeba mbao, ikienda polepole. Maman Valizi akaachia gesi.

Niliihisi chini ya unyayo wa kulia. Ilikuwa kama mtu amebisha mlango kwenye nyumba ya chini. Nikatazama mguu wa Fundi. Kidole gumba kilikuwa kimelala kwenye bati. Uso wake ulikuwa umegeukia dirishani. Kamyo ikaongeza mwendo, ikapunguza tena, na ile kubisha ikaja mara ya pili, ndogo zaidi. Kidole hakikunyanyuka.

Tuliporudi alivaa soksi taratibu, moja kisha nyingine, akafunga kamba za viatu. Mkunga alikuwa amesimama, funguo anazo mkononi tayari, maana Maman Valizi alikuwa amempa.

"Papa, niende?"

"Ngoja ninawe mikono."

Alikwenda kwenye bomba nyuma ya banda. Nilimfuata. Nakiri kwamba zile hatua kumi nilizitembea nikitafuta namna ya kutosema. Nilijiambia huenda nimehisi jiwe la barabarani. Kisha nikamfikiria mkunga kwenye kona ya mwisho.

"Papa."

"Sema."

"Kule nyuma ya kamyo, iligonga."

Aliendelea kusugua mikono kwa sabuni, kucha moja moja.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili ilikuwa kidogo kuliko ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Njo vile. Niliisikia."

"Kwa miguu?"

Akafunga bomba.

"Leo unauliza sawa na daktari," akasema, akapita.

Mkunga alikuwa bado amesimama palepale. Fundi alimwambia bila kuzunguka: "Maman, gari inabaki. Kesho mangaribi utaipata."

"Na kule juu?"

"Leo panda na taxi. Nikikutuma na hii, na ikugongee ku kona muke akiwa ndani, ni mi nitakuwa nilimusukuma."

Mkunga akafungua begi, akatoa simu, akamwambia mwenzake atachelewa. Kisha akamrudishia Maman Valizi funguo.

"Kama ni Papa anasema," akasema.

Maman Valizi alichomeka chombo chake. Hakikuandika kosa lolote. Fundi alisema vizuri, basi si umeme, ni uchafu, na walifungua karai upya. Kati ya vali ndogo zinazoongoza mafuta ndani ya bwate, ile ya kitesi cha pili ilikuwa na unga mweusi ulioikaba: ikifunguka, ilifunguka kwa ghafla badala ya taratibu. Alikuwa ameshalitaja jambo hilo kabla karai halijashuka. Aliiosha, akaona imekwaruzika, akatoa nyingine kwenye bwate iliyokufa miaka mingi nyuma ya banda. Kesho yake wakaijaribu bila mimi, nilikuwa kazini. Alikaa nyuma, miguu tupu, akarudi akasema aende.

Mkunga ameshapanda na kushuka mara nyingi tangu siku hiyo. Nilimpigia simu. Jeep haigongi, hata ikiwa moto, hata kwenye kona ya mwisho. Kwa hiyo neno la Fundi la siku ya pili ya majaribio lilikuwa la kweli. Lakini siku hiyo bwate ilikuwa imepona: mguu unaosikia na mguu usiosikia, yote miwili ingesema kitu kilekile.

Inabaki siku ya kwanza. Nimeipitia kama ninavyopitia habari kabla ya kuisoma hewani. Swali lake, kama ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, ni swali la mtu aliyehisi zote mbili. Ni swali pia la fundi anayeujua ugonjwa huo na anayeweza kuliuliza akiwa amekaa nyumbani kwake. Na kile kidole, labda hakihusiani tena na kusikia kwake. Labda kimekufa chenyewe, na unyayo uliobaki bado uko hai. Au alisikia kwa sikio, tofauti ambayo asingenigawia vipande. Au alisikia kutoka kwangu, pale kwenye bomba.

Ahadi niliitimiza nusu. Nilimwambia gari liligonga. Sijamwambia kuhusu kidole.

Nilimuuliza Maman Valizi, tukiwa wawili, kama siku ile alihisi kitu. Akasema alikuwa anatazama kamyo, mbao zilikuwa zimefungwa vibaya. Tulikuwa watatu ndani ya gari. Mmoja alikuwa anatazama kamyo, mmoja ni mimi, na wa tatu anasema alisikia.